Ubongo wa Kuo-Liang

Saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi, mdogo wangu Kuo-Liang aliacha kupumua, sebuleni kwa Mama, mjini Hualien. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Amfetamini, dawa ya kulevya aliyoitumia, ilikuwa imeuchosha moyo wake kwa miaka kumi na mmoja.

Niliandika saa hiyo kwenye fomu ya kutoa ubongo wake kwa maabara yetu. Kazi yangu chuoni ni kupima ubongo wa watu kama yeye. Dawa hizi hazibadilishi jeni zenyewe. Zinabadilisha zipi zisomwe na zipi zifungwe, na baadhi ya mabadiliko hayo hubaki muda mrefu baada ya mtu kuacha. Nakala za usomaji huo huharibika mwili ukikaa kwenye joto. Kanuni ya maabara yetu ni ubongo ugandishwe kabla ya muda wa saa sita kupita tangu kifo.

Fomu aliitia sahihi mwenyewe, mwezi wa pili, akicheka.

"Dada, utanikata vipande vyembamba kama nyama ya supu?"

"Vyembamba zaidi."

"Basi ukishaona, mwambie Mama haukuwa uvivu."

Miaka yote hiyo Mama alimwambia neno moja: huna nia.

Gari la maabara lilifika saa mbili. Shangazi Bao-Yun na waimba sala wenzake walikuwa wameshamzunguka, wakiita jina la Buddha: Amitofo, Amitofo.

"Mama, gari limefika."

"Lingoje. Asiguswe mpaka zitimie saa nane tangu alipokata roho. Roho bado imo. Ukimgusa ataumia, atakasirika, atapotea njia."

"Zikipita sita hakitasomeka kitu."

"Wewe na kusoma kwako! Alipokuwa hai ulimsoma lini?"

Niliomba angalau kiyoyozi kiwashwe. Sebule ilikuwa na joto la nyuzi thelathini na moja.

"Unataka kumgandisha nduguyo kama samaki?" akasema Shangazi Bao-Yun.

"Alitia sahihi, Mama."

"Huyo alitia sahihi mengi. Mwanangu, nimemsema miaka kumi na mmoja. Niache nimtendee jambo moja sawasawa."

Kisheria sahihi yake ilitosha. Nilimwambia dereva angoje, nikakaa nao, nikaitikia. Alichukuliwa saa tisa kasoro dakika ishirini alasiri.

Siku ya tatu mashine ilitoa alama ya uzima wa nakala zake: tatu nukta moja katika kumi. Chini ya sita hatupokei. Mama alipiga simu saa nne asubuhi.

"Umeona nini?"

"Hakikusomeka kitu, Mama."

"Kwa sababu ya zile saa nane?"

"Ndiyo."

"Yeye alitaka uone nini?"

"Alitaka nikwambie haukuwa uvivu."

"Na haukuwa?"

"Nimepima wengine arobaini na mmoja. Kwao nimeona mabadiliko. Kwake sikuona chochote."

Mama alikata simu saa nne na dakika sita.