Chumba cha Sampuli Saa ya Chakula

Saa sita na nusu mchana Nyawira alisimama mlangoni mwa chumba cha sampuli, amevaa koti jeupe na kofia ya wavu, akainamisha kichwa na kungoja mifuko imalize kuomba.

Kiwanda hicho cha unga wa mahindi kiko Thika, upande wa reli. Kila bechi ya unga inapotoka, mfuko mmoja hufungwa na kuwekwa kwenye rafu mpaka tarehe yake ya mwisho, ili mteja akilalamika kuwe na kitu cha kupima. Na kila mchana, wale walionunua bechi hiyo wanapobariki chakula, mfuko wake hubariki pamoja nao, kwa sauti zao. Mingine huomba kwa Kikuyu, mingine kwa Kikamba. Upo unaosema Bismillahi na kunyamaza. Ule wa bechi iliyouzwa shuleni huimba. Wasiobariki husikika wakivuta viti tu.

"Kazi yako ni kuitikia Amina," Ndambuki, mkuu wa maabara, alikuwa amemwambia siku ya kwanza ya mafunzo. "Usipoitikia wanarudia toka mwanzo, na hiyo kelele inafika mpaka ofisini."

Nyawira alikuwa akifunga pakiti katika kiwanda hicho hicho tangu bintiye Ciku akiwa mchanga, mpaka alipohamishiwa maabara. Sasa Ciku ni mwalimu, na mama yake ndiye anayekaa darasani jioni kule Ruiru, akisomea udhibiti wa ubora na vijana wanaomwita shosho, yaani bibi. Kabla ya kufungua kitabu alimwomba Mungu ampe akili ya kuelewa, na mengi aliyaelewa. Habari za mifuko kuomba hazikuwa kwenye silabasi, lakini alidhani ni mada ya muhula ujao.

Kisha ikaja bechi ya mahindi yaliyonyeshewa. Kipimo kilionyesha sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoharibu ini, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Nyawira akapima tena. Akaomba kidogo, akapima mara nyingine. Ndambuki naye akaangalia, akabandika utepe mwekundu kwenye mfuko wa sampuli.

"Hii haitoki," alisema. "Umefanya vizuri, Mama Ciku."

Mfuko wa utepe mwekundu ulikaa kimya kwenye rafu, kama inavyopaswa kwa unga ambao hakuna anayeula.

Alhamisi ukakohoa.

Nyawira alikuwa karibu kuwaitikia wengine. Mfuko ukakohoa tena, kikohozi alichokijua, halafu ukaanza: "Baba, tunakushukuru kwa ugali huu. Na uibariki mikono ya Nyawira wangu, anayekagua chakula cha watu wako." Ilikuwa sauti ya mama yake, anayeishi Gatuanyaga na wajukuu wawili.

"Itikia twende tukale," Ndambuki alisema nyuma yake.

"Ni mama yangu."

"Una bahati. Wengine hatujawahi kutajwa."

"Lakini huu ndio mfuko wa utepe mwekundu."

Ndambuki akautazama utepe. "Kweli, ndio," alisema, akaenda kunawa mikono.

Nyawira akaitikia Amina kwa mazoea, na neno lilipomtoka hakujua amekubali nini.

Alikwenda kwa Githae, meneja wa uzalishaji, aliyekuwa akinywa chai amesimama.

"Tulichanganya na unga mzuri kidogo ikatoka," Githae alisema. "Maduka yalikuwa yanangoja, mama."

"Lakini ilifeli."

"Nani amelalamika?"

"Hakuna."

"Si unawasikia mwenyewe? Wanashukuru. Sijawahi kuona bechi inashukuriwa hivyo."

Nyawira alitoka akijaribu kukumbuka darasani walifundishwa nini kuhusu bechi inayoshukuriwa. Hakukumbuka chochote. Akasimama kando ya mizani ya malori akampigia mama yake simu.

"Mami, huo unga umwage."

"Upi? Huu wa kwenu? Si nimeacha ule wa bei rahisi nikachukua huu kwa sababu yako."

"Una sumu. Hata kuku usiwape."

"Aca, hapana! Nimwage chakula nimeshabariki? Hiyo tabia ulifunzwa na nani, na mimi ndiye nilikulea?"

"Mami, nakuomba."

Kuku walisikika nyuma ya mama yake.

"Sasa wewe," mama akauliza, "unakagua nini huko?"

Nyawira akarudia kumsihi aumwage. Mama akasema ataumwaga kwa sababu ameombwa na mtoto wake, si kwa sababu ameelewa.

Siku iliyofuata, mfuko wa utepe mwekundu ulikuwa na watu wengi. Nyawira aliusogelea, akasikiliza kama mama yake yumo. Hakuwamo. Akamshukuru Mungu, kisha akaona haya, maana pale pale mzee mmoja alikuwa akimshukuru Mungu huyo huyo kwa unga ule ule. Alikuwamo mwanamke aliyewaombea wasafiri. Alikuwamo mtoto aliyeomba haraka haraka, kama mwenye njaa. Wote wakafika mwisho, wakangoja.

"Msile," Nyawira alisema.

Mfuko ukaanza toka mwanzo. Mzee, mwanamke, mtoto.

"Msile. Ni mbaya. Nawasihi kwa jina la Yesu."

Ukaanza tena. Mifuko mingine ilikuwa imeshanyamaza, na kwenye chumba chote zilibaki sauti hizo tu na yake. Hakujua kama wanamsikia, wala kama ni wao anaowasihi au ni Mungu. Aliendelea mpaka koo likakauka, na kila mara ombi la yule mtoto lilikuwa fupi zaidi.

Ndambuki alikuja na bakuli lake la githeri mkononi. Alisimama akasikiliza kidogo.

"Mama Ciku," alisema kwa upole, "hao watu wana njaa."

Akaingiza kichwa mlangoni. "Amina."

Chumba kikawa kimya. Kisha, ndani ya mfuko, watu wakaanza kula.