Umeme wa Bwana Zima

Jamani, kuna wanaume wanaopenda mpira, kuna wanaopenda siasa, na kuna huyu mmoja, mwalimu wa udereva, ambaye anachopenda ni kuzima. Akiingia chumbani anazima taa hata kama kuna mtu ndani anatafuta kiatu. Pasi anaichomoa, anaondoka, halafu anarudi kuhakikisha kwamba kweli aliichomoa. Mkewe, ambaye ni mshonaji na hufanyia kazi zake katika chumba cha mbele, ndiye aliyempa jina la Bwana Zima, na mtaa mzima ukalidaka. Mwenyewe halimkasirishi. Kwake hiyo ni sifa.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo ananunua umeme wa mwezi mzima, halafu mita inaanza kulia kabla mwezi haujafika hata nusu. Mara ya kwanza alidhani amekosea kuingiza namba. Mara ya pili aliwaita watu wa umeme, wakaja, wakaikagua mita, wakasema ni nzima kabisa. Mara iliyofuata hakuita mtu. Aliketi sebuleni akitazama dari, na mshonaji akajua hapa pamechafuka.

Lililokuwa halisemwi ni hili: mambo yalianza kuharibika tangu mama yake Bwana Zima ahamie kwao. Watoto wako shule ya bweni. Cherehani ya mshonaji ni ya kukanyaga kwa mguu. Ukitafuta kilichoongezeka nyumbani, unakuta ni mtu mmoja tu, mama mtu mzima mwenye magoti mabovu na redio ndogo ya kuchomeka ukutani. Hakuna aliyemtaja. Lakini Bwana Zima alianza kuuliza maswali hewani. "Hivi redio inakula umeme kiasi gani?" anauliza ukuta. "Hivi taa ya chumba cha nyuma huwa inazimwa saa ngapi?" Na mama yake si kiziwi.

Mama akaanza kujibana. Redio akaiacha. Jioni akawa anakaa gizani, eti macho yanataka kupumzika. Asubuhi akawa anaoga maji baridi ya ndoo, eti maji ya moto yanamlegeza mwili. Mshonaji alikuwa akimsikia kule bafuni, kila kopo likimgusa mgongo anavuta pumzi kama mtu aliyefinywa, na ilimkata maini. Na pamoja na kujibana kote huko, umeme uliendelea kwenda mbio vilevile.

Siku moja mama alikuwa pembeni ya cherehani, kwenye kigoda chake, anashona vifungo. Akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, nimempigia simu wifi yako. Kesho jioni anakuja kunichukua."

Cherehani ikasimama. "Kunani, Mama?"

"Hakuna kitu. Nimekaa vya kutosha. Na nyie mpumue."

"Tupumue nini? Hapa si kwako?"

"Kwangu nini na wewe, wakati hata taa naiogopa," mama akasema, akakata uzi kwa meno.

Tuseme ukweli: mshonaji hakutarajia kumpenda mama huyu. Siku alipoambiwa kwamba mama mkwe anakuja kuishi nao, alijifungia chooni akalia. Alikuwa amesikia habari za mama wakwe, wale wa kufunua sufuria na kuguna. Huyu alikuja, akavuta kigoda, akaomba sindano. Akaanza kusimulia visa vya utoto wa Bwana Zima, jinsi alivyokuwa akilala na viatu vipya miguuni, mpaka wateja wakawa wanapita hata siku wasizokuwa na nguo ya kushonesha. Mshonaji alifiwa na mama yake mzazi akiwa bado msichana. Sasa alikuwa na mtu wa kumwita Mama kutwa nzima, na neno lenyewe lilikuwa tamu mdomoni. Leo mita imnyang'anye? Thubutu!

Asubuhi iliyofuata Bwana Zima alioga, akatoka bafuni anang'aa, akabonyeza swichi ya hita ya maji iliyo nje ya mlango wa bafu, akasema kama kawaida yake, "Nimezima!" akaenda zake kazini. Mama alikuwa chumbani kwake anakunja nguo. Mshonaji akamfuata.

"Mama, kabla hujaenda popote, njoo unisaidie kitu kimoja. Simama barazani uitazame mita."

Mita ile ina taa ndogo nyekundu inayokonyeza. Umeme ukitumika sana, inakonyeza haraka haraka. Ukitumika kidogo, inakonyeza kwa madaha. Usipotumika kabisa, inatulia. Mshonaji alitaka kuzima kila kitu, halafu awashe kimoja kimoja, amjue mlafi ni nani.

Akachomoa televisheni. "Sasa?" akapaza sauti.

"Bado!" mama akajibu kutoka barazani. "Inanikonyeza kama mhuni!"

Akachomoa friji. "Na sasa?"

"Mhuni huyuhuyu!"

Akachomoa birika, pasi, chaja za simu, akazima taa ya stoo ambayo hakuna aliyekumbuka kama ipo. Akamaliza nyumba nzima. Alipotokea barazani kifua mbele, akakuta taa ile nyekundu inapepesa kwa fujo vilevile.

"Lahaula! Nyumba nzima imezimwa. Huu umeme anakula nani?"

Mama aliitazama taa, akamtazama mkwewe. "Redio yangu niliichomoa siku nyingi," akasema taratibu. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, Mama. Ngoja nimkamate mwenyewe."

Juu ya mlango wa jikoni kuna kisanduku chenye swichi ndogo ndogo, kila moja na sehemu yake ya nyumba. Mshonaji akapanda kwenye kiti, akaanza kuzishusha. Ya taa: bado. Ya soketi: bado. Ya hita ya bafuni:

"Imekufa!" mama akapiga kelele. "Mwanangu, imekufa kabisa!"

Hita? Mshonaji akashuka kwenye kiti akijikuna kichwa. Hita si imezimwa? Amemwona mumewe kwa macho yake, amemsikia kwa masikio yake. Akairudisha ile swichi ya kisandukuni, akaenda mlangoni pa bafu, akaiwasha hita.

"Mama, inafanyaje?"

"Imetulia!"

Akazima.

"Inakonyeza! Tena mbio!"

Akawasha. Imetulia. Akazima. Inakonyeza. Akarudia mpaka mama akauliza kama anamchezea. Mshonaji alikuwa ameketi sakafuni anacheka hadi machozi.

Kumbe, siku chache kabla mama hajafika, Bwana Zima alibadilisha swichi ile. Ya zamani ilikuwa imepasuka, ikawa inatoa cheche, na alisema hataki mama yake apigwe shoti. Ile ya zamani ilikuwa na kitaa cha kuonyesha kwamba hita inafanya kazi. Mpya haikuwa nacho. Hakuita fundi, aliifunga mwenyewe, na aliifunga kichwa chini. Tangu hapo, walipodhani wanawasha, walikuwa wanazima, na walipodhani wanazima, wanawasha. Maji yalikuwa yanachemshwa mchana kutwa na usiku kucha, na Bwana Zima alikuwa akijisifu kwamba hita yake inapasha maji kufumba na kufumbua. Na kila alipopita akaikuta kama imesahauliwa kuzimwa, aliizima, yaani akaiwasha kwa mkono wake mwenyewe.

Mshonaji alipomweleza mama, mama alishika ukuta. Alicheka mpaka khanga ikamponyoka. "Na mimi kila asubuhi nakufa na baridi mle ndani," akasema huku anajifuta macho, "maji ya moto yako juu ya kichwa changu, yananitazama tu!" Mchana huo alioga mpaka maji ya moto yakaisha, na hita wakaiacha imezimwa kikweli kweli.

Bwana Zima aliporudi jioni, mkewe hakumwacha hata avue viatu. "Mume wangu, hebu izime hita."

Akaenda kwa mbwembwe zake, akabonyeza. Mama akaita kutoka barazani, "Inakonyeza!" Wakampeleka kwenye mita akaone mwenyewe, wakamrudisha kwenye swichi, wakampeleka tena. Safari ya mwisho alibaki barazani amepigwa butwaa.

"Yaani ni mimi?"

"Ni wewe, baba," mkewe akasema. "Kila ulipozima."

Hakubisha. Alikata umeme wa nyumba nzima, akachukua bisibisi, akaigeuza swichi. Alipomaliza alikuwa bado hajamtazama mama yake. "Mama, unaona? Si wewe. Nilijua tu si wewe."

"Ulijua?"

"Nilihisi."

"Ndiyo maana ukawa unauliza ukuta."

Mama akaingia chumbani. Mshonaji alijua anakwenda kufungua virago, akamshukuru Mungu, akaanza kuokota vipande vya kitambaa akiimba. Lakini mama alitoka amevaa viatu, mkoba mkononi, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akauweka mkoba mapajani.

"Mama," Bwana Zima akasema, "tatizo limekwisha. Mita imepona."

"Nimeona. Nimefurahi sana."

"Sasa mbona..."

"Tangu asubuhi nasikia habari za mita. Si redio, si taa, si mimi. Sawa. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba anataka nikae."

Mshonaji akafungua mdomo. Mama akamwinulia kiganja, akatabasamu. "Wewe nakujua, mwanangu."

Akawa anamtazama mwanawe. Na mwanawe, mtu ambaye kutwa nzima anawapigia wanafunzi kelele, kanyaga breki, tazama kioo, geuza, leo alitafuta pa kuanzia. Alifuta bisibisi kwenye suruali. Alikohoa. Alisema jambo kuhusu magoti, mama akasema magoti hayajambo. Alisema jambo kuhusu barabara ya kwa dada yake, mama akasema anaijua.

"Mama, usiende," akasema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Siku ile nafunga swichi, nilikuwa nafikiria tu kwamba unakuja. Nilikuwa na furaha kama mtoto mwenye viatu vipya, Mama. Hata sikutazama juu ni wapi na chini ni wapi." Aliiweka bisibisi chini. "Nakutaka hapa. Niliona haya kukwambia, basi."

Mama aliinama, akavua viatu. Halafu akamnyooshea mkoba.

"Mpigie dada yako," akasema. "Mwambie aje kunisalimia tu."