Picha Iliyotoka Sandukuni kwa Mfalme Hila

Siku ile nilirudi kutoka msikitini na kichwa kizito kama nimebebeshwa jiwe la kusagia. Tangu asubuhi redio ilikuwa ikipiga kelele kwamba gazeti moja la ng'ambo limechora katuni ya kumkejeli Mtume wetu, na serikali imetangaza siku ya hasira kwa taifa zima. Moyo uliniuma, kwani mimi, Shomari, nimefundisha watoto Kurani tangu ujana wangu, na hakuna jina nilipendalo kuliko lile. Ila kilichonikosesha raha zaidi ni sauti ya waziri aliyekuwa akilia redioni. Ni yeye aliyemtia gerezani sheikh wetu, Mngwame, kwa kosa la kuuliza mashamba ya wakfu yamekwenda wapi. Nikamwambia mke wangu Mwanaidi aniache nipumzike kidogo, nikajinyoosha mkekani baada ya Adhuhuri, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ambayo mbingu yake ilikuwa na rangi ya shaba, wala ndege hawakuruka ndani yake. Njia ilikuwa ya vumbi jekundu, na kando yake visima vimekauka, kimoja baada ya kingine, midomo wazi kama vinywa vya wagonjwa. Mwanamke mrefu aliyejifunga kaniki akanijia, akanisalimu kwa upole.

"Mimi naitwa Busara," akasema. "Zamani nilikuwa na kiti barazani kwa mfalme. Siku hizi natembea tu. Fuatana nami, mwanangu, lakini usikimbie wenzako watakapokimbia. Tazama kwanza."

Tukafika mji mkuu, tukakuta umati umejaa mbele ya lango la ikulu. Aliyewatangulia alikuwa mtu mwembamba, macho makavu, jina lake Haki. Alisimama bila silaha, akapaza sauti: "Ewe Mfalme Hila, mto ulikuwa wetu sote. Nani ameugeuza uingie bustanini kwako?" Watu wote wakanyamaza kungoja jibu, na kimya kile kilikuwa kikubwa hata nikasikia maji yakichuruzika nyuma ya ukuta.

Mfalme Hila alimwinamia waziri wake, Unafiki, mzee mwenye tasbihi ndefu na machozi yaliyo tayari, akamnong'oneza. Unafiki akaingia ndani, akarudi na sanduku lenye vumbi. Akalifungua, akatoa picha.

"Ile picha imelala humo tangu mavuno," Busara akaniambia. "Ilipoletwa, mfalme aliitazama, akacheka, akasema: iwekeni, itatufaa."

Unafiki akainua picha juu, akajipiga kifua, akalia: "Enyi watu! Wa ng'ambo ya mto wamemtukana Imani, mama yenu! Nanyi mnasimama hapa kuulizia maji?"

Umati ukavuma. Mara mlango wa zizi ukafunguliwa, akatoka mnyama aitwaye Ghadhabu, mnene, manyoya yanang'aa, kwa maana watumishi wa mfalme walikuwa wakimlisha kila siku. Nilidhani ataelekea mtoni, kwa wale wa ng'ambo. Hakuelekea huko. Alimrukia Haki pale pale alipokuwa amesimama, na watu wakashangilia, kwani waliambiwa kwamba asiyelia ni jasusi wa ng'ambo.

Busara akanishika mkono, akanipeleka hadi ukingoni mwa mto, uliobaki mchanga mtupu. Upande wa pili nikamwona mfalme mwingine, Kiburi, amesimama juu ya jukwaa, akiwaonyesha watu wake moshi wa mji tuliouacha, ambao umati ulikuwa umeanza kuuchoma. "Waoneni wale!" akasema. "Hawana akili, hawana huruma. Nani atawalinda ninyi na uhuru wenu isipokuwa mimi?" Nao watu wake, waliokuwa wamekuja kumuuliza habari za mkate, wakaanza kumpigia makofi. Nyuma ya jukwaa niliona wachoraji waliofungwa minyororo, wale waliothubutu kumchora Kiburi mwenyewe.

Chini ya mti uliokauka tulimkuta bibi kizee amejifunika ushungi. Nikajua ni Imani kabla sijaambiwa. Nikapiga magoti. "Mama, umeumia?"

"Nimeumia," akasema. "Tusi ni tusi, mwanangu, nami si jiwe. Lakini aliyenitukana yuko ng'ambo. Hawa wa huku wamenivua nguo yangu, wakamvalisha Hila. Tangu asubuhi wanapita hapa wakilitaja jina langu, na wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza hali."

Kabla sijajibu, ardhi ikatetemeka. Mfalme Hila alikuwa akimwita Ghadhabu arudi zizini, akimwita kwa jina, akimrushia nyama. Mnyama hakugeuka. Alikuja polepole kuelekea kwetu, na kadiri alivyokaribia niliona uso wake si wa mnyama: ulikuwa uso wa jirani, kisha wa mwanafunzi wangu, kisha wa ndugu yangu.

Nikazinduka nimelowa jasho. Mwanaidi alikuwa ameniinamia. "Amka, Maalim. Una mgeni."

Barazani alikuwepo Bwana Kibwana, mtu wa ofisi ya wilaya, amevaa kanzu mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani.

"Maalim, leo baada ya Alasiri tunakutana uwanjani," akasema. "Tunataka wewe utuongoze dua. Malori yako tayari."

"Katuni hii ilichapishwa lini, Bwana Kibwana?"

Akasitasita. "Nasikia mwaka jana. Kwani kuna tofauti gani?"

Hapo ndipo ndoto yote iliponifungukia, kama mlango usukumwao na upepo. "Sheikh Mngwame mtamtoa, aje aombe nasi?"

"Hayo ni mambo mengine, Maalim."

"Basi mimi Mtume wangu nitamtetea kwa ulimi wangu na mwenendo wangu. Lori la serikali sitapanda."

Akatabasamu. "Jioni watu watauliza ulikuwa wapi. Mimi sitakuwa na la kuwajibu."

Alipoondoka, Mwanaidi akatia komeo mlangoni, akaja kuketi karibu yangu. Malori yakaanza kupita, moja nyuma ya jingine, yamejaa vijana wa mtaa wetu, wakilipigia kelele jina lile ninalolipenda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipolisikia, nikaogopa.