Kobalti Yetu Mpaka Ubongoni

Daktari Adolphine Ntumba alihitaji friji moja tu, lile la baridi kali la kuhifadhia damu na dawa zinazoharibika upesi. Chuo hakikuwa na uwezo, kwa hiyo mkuu wa kitivo, Profesa Ruphin, akamletea maabarani mtu wa kampuni moja ya madini. Huyo alikuwa Zéphirin, mkurugenzi wa mawasiliano, ambaye alivaa kofia ya mgodini hata mahali pasipo na kitu cha kumwangukia.

Adolphine akamweleza kazi yake kwa furaha ya mtu asiyeulizwa mara nyingi. Kuta za mishipa ya damu kichwani, alisema, huzuia dawa nyingi zisiingie kwenye ubongo. Ndiyo maana malale yakishafika huko kuyatibu huwa kazi. Lakini ubongo unahitaji madini ya chuma, na chuma husafiri katika damu kikiwa kimebebwa na protini iitwayo transferini. Kwenye kuta zile kuna vipokezi vinavyoidaka transferini na kuvusha chuma chake. Yeye alikuwa anajaribu, kwa panya, kuifunga dawa kwenye kitu ambacho vipokezi vitakidaka vilevile, ili nayo ivuke.

Zéphirin akakunja uso, maana kampuni yake ilikuwa ya shaba na kobalti. "Docteur, juu ya nini chuma? Siye tunachimbaka mukuba na cobalt."

"Ubongo njo unachagula, Monsieur le Directeur. Haiko mimi."

"Na cobalt? Haiwezi kupita hata kidogo?"

Adolphine alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli. "Bon, transferini inaweza kushika cobalt, kidogo. Lakini ile..."

"Inatosha!" Zéphirin akasema, akampa Profesa mkono.

Friji likafika wiki hiyohiyo. Sherehe ya kulikabidhi ilifanyika Ruashi, mtaa ulio jirani na mgodi wa kampuni, na Adolphine aliposhuka kwenye gari alikuta bango limevuka barabara kutoka nguzo hadi nguzo: KOBALTI YETU INAFIKA MUPAKA MU UBONGO! Chini ya maneno hayo palikuwa na picha ya mtoto anayecheka. Akamgeukia Profesa.

"Doyen, mulisoma ile?"

"Nilisoma," Profesa Ruphin akajibu. "Couleur, rangi yenyewe, iko muzuri."

"Bantu ba hapa banalalamikaka juu ya vumbi ya mugodi. Sasa kampuni yenyewe inabaambia inaingia mu ubongo!"

"Adolphine, frigo ilishafika. Usituletee complications."

Uwanja ulikuwa umejaa. Zéphirin alihutubia, akapigiwa makofi mengi, makofi ya watu wanaongoja zamu yao. Kisha akainuka Mama Germaine, muuza samaki wa barafu.

"Papa Directeur, aksanti. Kila siku tunasema ile vumbi inatuumiza vichwa, munajibu ni maneno ya bure. Leo muliandika wenyewe, na maherufi makubwa. Sasa tuambie, inaingilaka ku pua ao ku masikio?"

Uwanja ukalipuka. Zéphirin akavua kofia kwa mara ya kwanza, akajipangusa jasho. "Ile ni mambo ya science. Docteur atafasiria."

Adolphine akashika maikrofoni. Profesa alikuwa anamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyebeba sinia la mayai. Sentensi mbili laini zingetosha, na jioni angelala na friji lake.

"Bango linadanganya," akasema. "Kazi yangu ni ya dawa na chuma, na bado iko kwa panya. Juu ya vumbi ya hapa, mimi sijui. Hakuna muntu alishapima."

"Basi upime!" Mama Germaine akapaza sauti, huku anakunja mkono wa blauzi ili atolewe damu. Nyuma yake mikono mingine ikaanza kukunjwa. Zéphirin akaashiria maikrofoni izimwe, lakini alikuwa amechelewa.

Jumatatu bango halikuwepo. Kampuni ilisema ni upepo. Ikataka na friji lirudi. Profesa Ruphin akakataa katakata, si kwa ushujaa, bali kwa sababu televisheni ilikuwa imeshamwonyesha akiliegemea.

Chupa za kwanza za damu ya Ruashi zilipoingia ndani ya friji, Profesa akaja mwenyewe maabarani. "Mu ile utafiti, jina yangu itatangulia, haiko vile?"

"Tutaona, Doyen. Lakini tunahitaji pia damu ya bale benye kuikala mbali na mugodi, ya kulinganisha." Adolphine akachukua sindano. "Mukunje shati."

Profesa akakumbuka kwamba ana kikao.