Honoré Anachunga Kwako

Hii ilikuwa atelie yangu ya tatu mwaka huu, mikutano hii ya mashirika ya kupatanisha watu, na nilikwenda kwa sababu moja tu: shamba. Watu wa kilima chetu kule Djugu, wa upande wetu na wa upande ule mwingine, tulikuwa tumeitwa kwenye ukumbi wa parokia hapa Bigo, mjini Bunia, tusikilizane nani arudi kulima kabla ya mvua. Pande zote mbili zikikubali jina lako, unarudi. Upande mmoja ukikataa, unabaki ulipo. Mimi, mama Glodie, nilipo ni chumba kimoja cha kupanga huko Saio, na mikono yangu imechoka kukaa bila jembe.

Animatera, kijana wa shirika aliyekuja kutuongoza, aliitwa Lionel. Alibandika karatasi mbili kubwa ukutani. Moja iliandikwa SABABU ZA VITA, nyingine NJIA ZA USALAMA. Nilizifahamu karatasi hizo kuliko nilivyoifahamu sura yake. Kila atelie inaanza nazo, na kila mara ile ya kwanza inajaa hadi chini, ya pili inabaki nyeupe mpaka saa ya chakula.

"Bamama, bapapa, tuseme. Sababu ni nini?"

Tukaitikia kama watoto wa darasa la kwanza. Udongo. Dhahabu. Bunduki. Vijana bila kazi. Wakubwa wanaokula peke yao. Lionel akaandika yote kwa wino wa bluu. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Ngombe mu mashamba ya watu," na nikamwangalia Véronique makusudi.

Véronique, mama Ornella, alikuwa jirani yangu wa ule upande mwingine. Shamba langu na zizi la mume wake Honoré vilitenganishwa na njia ya miguu tu. Sisi tulipokimbia, wao walibaki. Miezi michache baadaye nikakutana sokoni hapa Bunia na Arlette, muuza mihogo aliyekuwa ametoka kule. Alikuwa na mzigo kichwani, hakusimama. Nikamuuliza shamba langu likoje.

"Honoré anachunga kwako," akasema, akaendelea na safari yake.

Honoré mwenye ng'ombe. Anachunga kwangu. Nilirudi nyumbani damu inachemka, nikamwambia mdogo wangu Xavier kwamba Honoré ameyafanya maharage yangu malisho. Xavier akaenda kuwaambia rafiki zake wenye bunduki. Sikumtuma. Lakini sikumkataza pia, na nilijua anakwenda wapi. Wiki ileile Honoré akauawa, zizi na nyumba vikachomwa, na Véronique naye akakimbilia Bunia na watoto. Nilisikitika, sitaki kudanganya. Ila moyoni nilijiambia kwamba aliyataka mwenyewe, na hapo ndipo nilipopatia usingizi.

"Mama Ornella, na weye?" Lionel aliuliza.

Véronique akasimama polepole. Amekonda sana.

"Mi sina sababu ya kuandika," alisema. "Niko na swali. Bwana yangu alikuwa anachunga mashamba ya watu wenye walikimbia. Hii ya mama Glodie, aliizungusha miiba, ngombe hata moja isiingie. Alivuna maharagi yake, akaweka mbegu mu nyumba yetu. Kila siku mi namuambia, Honoré, acha, unachoka bure. Anasema, mama Glodie akirudi atapanda nini? Sasa mutu wa vile, walimuua juu ya nini? Nataka kujua ile tu. Nikijua, majina yote nitakubali."

Anachunga. Mimi mwenyewe nikiagana na mtu husema Mungu akuchunge, na sijawahi hata siku moja kufikiri kwamba Mungu ana ng'ombe. Arlette alikuwa ananiletea habari njema. Yeye alikuwa na mzigo, mimi nilikuwa na hasira yangu tayari, na sikumuuliza anachunga nini.

Ningeweza kunyamaza. Jina langu lilikuwa la nne kwenye karatasi ya wanaorudi, na Véronique angelikubali bila kujua. Nikifungua mdomo, shamba limekwenda, na pengine Xavier pia, ambaye ana mke na watoto wadogo. Niliyapima hayo yote nikiwa nimekaa pale. Lakini nilikuwa nimechoka. Nimechoka kukimbia, nimechoka kuhesabiwa na kuandikwa kila mahali, na nikaona hili nalo siwezi kurudi nalo Saio. Nikasimama.

"Andika mama Glodie," nikamwambia Lionel.

Akatabasamu. "Mama, liste ya présence, ya wenye wamefika leo, iko pale ku mulango."

"Hapana. Andika hapo, ku sababu."

Mkono wake ukabaki juu na kalamu. Nikamgeukia Véronique, nikamweleza kila kitu: Arlette na mzigo wake, lile neno, hasira, na jinsi maneno yangu yalivyofika kwa wenye bunduki. Xavier sikumtaja. Hilo lilinishinda.

Véronique alikuwa bado amesimama.

"Weye ulisikia ngombe," alisema.

"Nilisikia ngombe."

"Na haukuuliza."

"Sikuuliza."

Akakaa. Akainyoosha sketi yake magotini kwa viganja viwili, akainyoosha tena. Watu wa upande wake walikuwa wanamwangalia, wanangoja aseme. Lionel akauliza kwa sauti ya chini kama jina la mama Glodie lifutwe kwenye karatasi ya wanaorudi.

"Arudi," Véronique alisema. "Mi nilisema nikijua nitakubali. Arudi. Lakini ajue, kule sasa hakuna mutu anachunga."