Mchoro wa Mwalimu

Ilikuwa hatua ya ishirini na sita, ya mwisho. Kwa miaka mitatu mkemia alikuwa akiunda maabarani dawa ambayo sifongo, mnyama wa baharini, huitengeneza mwenyewe, bila chupa wala jiko. Dawa hiyo huua seli za saratani, lakini gunia zima la sifongo halitoi hata ya kujaa ncha ya kijiko. Wenzake walishampachika jina la Mama Subira, nusu mzaha, nusu heshima.

Sasa unga mweupe ulikuwa umetulia ndani ya kichupa. Akaupima, akalaza grafu ya vipimo vyake juu ya grafu ya dawa asilia. Hazikulingana. Akarudia mara tatu, yale yale. Akaujaribu kwenye seli za saratani. Baada ya siku tatu seli zilikuwa zimenawiri kama mchicha.

Wiki mbili nzima alikagua kila hatua, asione alipokosea. Kilichobaki ni mchoro wa molekuli wenyewe, nao ulichorwa miaka ishirini nyuma na mwalimu wake, mzee aliyemfumbua macho katika kemia na kujijengea jina kwa mchoro huo huo.

Alimkuta nyumbani, anamenya machungwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Mbona umekunja uso? Imekataa?"

"Imekubali. Nimeunda ulichokichora, Mwalimu. Ila sicho alichonacho sifongo."

Mzee akafuta mikono, akavaa miwani, akazikodolea macho grafu, kisha mchoro wake wa zamani. Mkemia alikaa kwenye ukingo wa kiti, roho mkononi.

"Hapa," mzee akasema hatimaye, kidole kikiwa juu ya pete ya tatu ya atomi kwenye mchoro. "Huu mkono wa molekuli niliuelekeza juu. Kumbe unatazama chini. Vifaa vyetu vilikuwa duni, lakini sivisingizii. Nilikuwa na haraka ya kuchapisha."

"Sikuja kukuaibisha, Mwalimu."

"Ungeniaibisha kama ungenificha. Andika masahihisho, jina langu litangulie; kosa ni langu."

Mkemia akarudi hadi hatua ya kumi na moja, akaanza upya. Ilimchukua miezi mitano. Safari hii grafu zililaliana sawasawa. Akampigia mzee simu.

"Zimelingana."

"Na seli?"

"Zimekufa zote."

Mzee akamwuliza kama amekula.

Majaribio ya panya yangeanza Jumatatu, na kufika kwa wagonjwa kungechukua miaka, kama kungefika. Mkemia akaosha vyombo vya maabara, akaenda nyumbani saa tisa alasiri. Mumewe, aliyezoea kumpokea usiku, alipomwona mlangoni akadhani anaumwa.