Hapa Tunabanda

Karani wa ofisi ya ardhi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi magotini, akawauliza wanawake swali moja tu, kila mmoja kwa zamu yake: "Hapa unataka nini?"

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, ukingoni mwa mto Tana, chini kidogo ya mji wa Garissa. Mji ulikuwa unapanuka, na ilibidi iamuliwe wapi patajengwa na wapi pataachwa mashamba. Mama yangu, Osob, alikuwa na ekari moja. Ng'ombe wetu walikufa Sangailu katika ukame wa miaka minne nyuma, ndipo tukaja kulima. Hatukuwa na kitu kingine. Udongo wa pale ni mweusi, mto huuleta unapofurika. Ukienda hatua mia tatu kutoka mtoni, hukuti ila changarawe.

"Mimi nataka banda," hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, alimwambia karani. "Kila mwaka nabanda. Nabanda mbaka nakufa."

Karani akacheka. "Mpaka kufa? Mama, unapenda biashara wewe."

Wanawake nao wakacheka, kwa adabu. Jirani yetu Sharifo akasema banda. Wote kumi na mmoja wakasema banda.

Kisomali hakina P. Walitaka kusema kupanda. Mimi nilisoma hadi darasa la tano, na nilikuwa nimesimama nyuma ya karani nikiuona mkono wake ukiandika: banda, banda, banda. Vibanda vya biashara. Nilijua. Lakini alikuwa mwanamume mgeni, na sikuwahi kumsemesha mwanamume mgeni. Nikajiambia labda wakubwa wake wataelewa. Hooyo akaweka dole gumba kwenye karatasi.

Baada ya miezi miwili waliweka bikoni nyeupe, vile viguzo vya wapima ardhi. Hooyo alifurahi, alidhani ni za kulinda shamba. Matope yalipozirukia, alizifuta kwa ncha ya shuka yake. Mimi nilijua ni za nini, na bado sikusema.

Jumatatu asubuhi tingatinga ilikuja. Ilianza kwa Sharifo. Iliondoa udongo mweusi kama mtu anavyokwangua chungu, ikausukuma kando, lori likauchukua. Chini yake palibaki ardhi ya kijivu, ngumu. Sharifo alikimbia kando ya mtambo akipunga mikono.

"Eeddo, shangazi yangu, toka hapo," Mursal, dereva, alimwambia. "Mmeomba vibanda wenyewe, sasa mnalia nini?"

"Vibanda gani?" Sharifo akauliza.

Mursal akausogeza mtambo mbele. Shamba letu lilikuwa la tatu. Nilikimbia mjini bila kumwambia mtu.

Karani alikuwa ofisini, anakunywa chai. Nilisimama mlangoni mpaka akaniuliza nataka nini.

"Hooyo hakusema banda," nikasema. "Alisema banda."

Alinitazama. "Ndiyo, binti. Banda. Ndivyo nilivyoandika."

"Si banda. Ni banda."

Aliweka kikombe chini. Nilijisikia nikizidi kuharibu kila neno, na nilijua kuwa wakati huo tingatinga ilikuwa inasogea. Nikachukua kalamu yake mezani bila ruhusa, nikaandika kwenye gazeti lake: KUPANDA. VITUNGUU. NDIZI.

Alisoma. Akafungua faili, akaisoma orodha kutoka juu hadi chini, polepole.

"Wote kumi na mmoja?"

Niliitikia kwa kichwa.

Aliandika barua kwamba kazi isimame. Alhamisi kamati ya ardhi itakuja kuuliza upya pale pale shambani, alisema. "Lakini wakisikia banda tena, mimi sina la kufanya."

Niliporudi, shamba la Sharifo lilikuwa limekwisha, la pili pia, na nusu ya letu. Mursal alisoma barua mara mbili, akazima mtambo. Hooyo alikuwa ndani ya shimo lililoachwa na tingatinga, anajaza udongo mweusi kwenye karai kwa mikono, anaurudisha kwenye vitunguu vilivyobaki. Nilimweleza yote, neno lenyewe na jinsi lilivyoandikwa.

Hakuinua uso. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Karai lilijaa. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Basi Alhamisi utasema wewe," akasema. "Kwa niaba ya wote. Mbele ya wanaume wote."

Niliingia shimoni, nikashika upande wa pili wa karai, tukalibeba pamoja. Njiani nilijaribu kuitamka ile P, kwa sauti ndogo, nikibana midomo na kupuliza kama ninayezima taa.

"Banda," nikasema.

Hooyo alisimama, akanisubiri nianze tena.